Kufuli Lisilolalamikiwa

Jina la nchi hii hutamkwa kwa kibali, na kibali hutolewa na ofisi ambayo nayo jina lake halitamkwi. Basi na ibaki nchi tu, yenye milima upande mmoja, bahari upande wa pili, na furaha katikati. Furaha hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ilipimwa kila mwaka, na kila mwaka ilikutwa imezidi ya mwaka uliopita.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Shirika la Taifa la Makufuli, na Shirika hilo lilitengeneza kufuli la aina moja, liitwalo Kufuli la Amani. Lilikuwa kubwa kama ngumi ya baunsa, la rangi ya dhahabu isiyokuwa dhahabu, na pande zote mbili lilichapwa uso wa Mlezi wa Taifa akitabasamu. Sheria iliamuru kila nyumba iwe na mlango wa nondo, na kila jua linapozama mwenye nyumba apitishe mnyororo kwenye nondo hizo, afunge kufuli kwa ndani, amshukuru Mlezi, alale. Makufuli ya kigeni yalikusanywa yakazikwa kwa heshima zote, mizinga ikapigwa. Na kwa kuwa uso wa Mlezi ulikuwa juu yake, kulipiga Kufuli la Amani kwa nyundo au kulikata kwa msumeno kulihesabiwa sawa na kumtenda hivyo Mlezi mwenyewe. Mnyororo nao ulikuwa chini ya ulinzi huohuo, kwa sababu ulikuwa jamaa wa kufuli.

Lakini nani angetaka kulivunja? Hakuna aliyewahi kulilalamikia, na ushahidi wa jambo hilo ulikuwapo. Ushahidi huo aliutayarisha kijana mmoja aitwaye Shaweji, mchambuzi wa bidhaa wa Shirika.

Mtaani kwake watu hawakujua mchambuzi wa bidhaa hufanya nini. Siku alipokwenda kumposa Salha, mama yake Salha alimtazama kuanzia viatu hadi kola.

"Unachambua," akasema. "Unachambua nini, baba? Mchele au mchicha?"

"Kufuli, mama."

"Kufuli nalo lina chuya?"

"Ndizo ninazozitafuta."

Shaweji akamweleza kwa kirefu, maana alikuwa kijana mwenye kujivunia kazi yake, na fahari ikimshika hakujua pa kukomea. Fundi hutengeneza kitu, alisema, kisha kitu kile hutoka kiwandani kikaenda kuishi na watu, na fundi hajui tena kinawafanyia nini. Mchambuzi hukifuata. Hukitazama mikononi mwa mama aliyebeba ndoo kichwani, na mikononi mwa mzee ambaye macho yameanza kumsaliti. Huuliza, husikiliza, huhesabu, hulinganisha, hutenganisha lililo kweli na lililosemwa kwa adabu. Kisha hurudi kiwandani kusema: hapa panamuumiza mtu, rekebisheni.

"Mimi ni sikio la kiwanda, mama."

Mama mkwe akafikiri kidogo. "Na kiwanda chenyewe kina kichwa cha kupachika sikio hilo?"

Nyuma ya pazia Salha alicheka, kicheko cha mtu asiyejali nani anamsikia, na Shaweji akajua hapohapo kwamba huyo ndiye mke.

*

Shirika lilikuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko, na utaratibu huo ulisifiwa hata na wageni. Mwenye kulalamika alitakiwa afike mwenyewe kwenye geti la Shirika, mchana, akiwa ameshika kufuli lake mkononi. Kutuma mtu hakukukubaliwa, kwa sababu aliyetumwa siye aliyeumia. Kupiga simu hakukukubaliwa, kwa sababu simu haina uso. Shaweji aliwekewa meza na mwavuli pale getini, akawa anawauliza wanaofika. Je, kufuli lako linafunga? Linafunga. Je, linafunguka? Wakalifungua mbele ya macho yake, tena kwa madaha.

Kufuli lililofika mkononi, ukitulia ukalifikiria, ni kufuli lililokwisha kufunguka. Lakini Shaweji hakutulia. Alikuwa na meza mpya, mwavuli mpya na ndoa mpya.

Matokeo yalipojumlishwa, walioridhika walikuwa mia kwa mia. Ikaandaliwa Siku ya Mteja, na kwaya ya Shirika ikasimama kwenye jua ikaimba:

Funga kufuli ulale, adui asikufike,
Uso wa Mlezi ule, mlangoni uuweke,
Mali yako iwe pale, wala usihangaike,
Kufuli letu lishike, kwa amani na milele.

Kisha Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Mstaafu Ngwale, akapanda jukwaani. Vyeo vyake vilisomwa na mtu mwingine, naye akangoja viishe.

"Ndugu wananchi," alisema, "yako mataifa tajiri kuliko sisi. Yamejaribu kuwaridhisha watu wao yakashindwa. Yamefika tisini kwa mia, yakaketi chini yakihema. Sisi tumefika mia. Tulikuwa na nguvu ya kuendelea mbele, ila hesabu ndiyo iliyotuishia."

Waliokuwapo wakapiga makofi. Shaweji akavishwa shada la maua ya plastiki, na wiki hiyohiyo Mlezi wa Taifa akaitamka ile mia mbele ya mabalozi. Takwimu iliyopita katika kinywa cha Mlezi haikuwa takwimu tena. Ilikuwa historia ya nchi, na watoto wa shule wakaanza kuikariri.

Miaka miwili ikapita. Wizi ulikwisha kabisa, na jeshi la polisi likapewa nishani. Foleni za mkate zikawa fupi. Sokoni mtu aliweza kutembea bila kukanyagwa, na redio ikasema hayo ndiyo matunda ya mipango miji. Shaweji peke yake ndiye aliyeanza kuwashwa na jambo. Kila mwaka walioketi mbele ya meza yake waliridhika wote, ila kila mwaka walikuwa wachache zaidi. Nyumba ni zilezile, makufuli yameongezeka, watu wamekwenda wapi?

Siku moja alichukua kufuli kutoka ghalani akalipasua kwenye karakana. Springi ya ndani, ambayo zamani ilikuwa ya chuma, sasa ilikuwa ya bati laini. Chuma kilikuwa kimehamishiwa kwenye sanamu ya Mlezi. Springi ya bati hulisukuma kufuli vizuri siku za mwanzo, kisha huchoka, hujikunja na kulala, na likilala, ufunguo huzunguka ndani yake kama mwiko kwenye sufuria tupu.

Akapanda ngazi kwenda kumwambia Mkurugenzi Mkuu. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole.

"Shaweji, wewe ni nani hapa?"

"Sikio la kiwanda, mheshimiwa."

"Umewahi kuona sikio lenye mdomo?"

Akapewa safari ya mikoani, akazieleze shule za huko jinsi nchi ilivyofikia mia. Naye akaenda. Alijiambia kwamba akirudi atalisema tena, kwa hoja nzito zaidi, na kwamba jambo lililosubiri miaka miwili haliharibiki kwa wiki chache. Salha alikuwa na mimba kubwa, lakini muda wake ulikuwa bado.

*

Aliporudi alimkuta Salha amesimama nyuma ya mlango wa nondo, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameshika mnyororo.

"Karibu nyumbani," Salha akasema. "Ningekufungulia, lakini ndiyo hivyo."

Shaweji akaweka begi chini. "Tangu lini?"

"Juzi asubuhi. Ufunguo unazunguka tu. Nimetia mafuta ya nazi, nimetia ya taa, nimelisomea dua, nimelitukana. Mlezi anatabasamu vilevile."

"Umekula?"

"Napitishiwa. Bi Sikudhani anakuja kila siku, ananipa uji hapo katikati ya nondo." Akamtazama mumewe machoni. "Kuna kitu nataka kukuuliza, mchambuzi. Nilipokwama, na wewe hupatikani, nilimpigia mama simu. Akaniambia na yeye yuko nyumbani. Nikampigia shangazi, yuko nyumbani. Yule fundi cherehani, yuko nyumbani. Kila ninayempigia yuko nyumbani, Shaweji. Kwa wiki, kwa miezi. Na kila mmoja anaona haya kusema, anadhani ni lake peke yake, maana redio inasema hakuna kufuli lililokwama. Hiyo mia yako uliwauliza akina nani?"

Shaweji akachuchumaa mbele ya nondo.

"Nilikuwa nakaa getini," akasema.

"Ulikuwa unakaa getini," Salha akarudia, bila ukali, na huko kukosa ukali kukamchoma zaidi.

Bi Sikudhani akaingia uani amebeba sufuria. Alikuwa mkunga wa mtaa, mwanamke mfupi mwenye mikono mirefu. Yeye hakuwahi kukwama, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya makuti na mlango wa gunia, nje kabisa ya furaha ya taifa. Akapitisha mikono kati ya nondo hadi mabegani, akampapasa Salha tumbo, shavu lake limebanwa na chuma.

"Bado amelala mkingamo," akasema. "Kichwa huku, miguu kule, kama mtu aliyejinyoosha kwenye kitanda cha peke yake."

"Maana yake nini, bibi?" Shaweji akauliza.

"Maana yake lazima ageuzwe, na hageuzwi kwa maneno. Nataka niwe ndani, nimlaze mama chali, nipate nafasi ya mikono yangu yote. Hapa napata ncha za vidole tu. Uchungu ukimkuta mtoto hajageuka, nitakuwa nimesimama hapa nje namwimbia. Kwa hiyo tafuta namna mlango huu ufunguke, baba. Leo, ikiwezekana. Kesho siijui."

*

Idara ya Dharura za Milango ilikuwa ghorofa ya kwanza ya Wizara, na haikuwa na foleni. Afisa wake alimpokea Shaweji kwa furaha ya mtu ambaye hajaona mtu kitambo.

"Kukata kufuli kunaruhusiwa," afisa akasema. "Sisi si washenzi. Kinachotakiwa ni uthibitisho tu kwamba makufuli haya huwa yanakwama."

"Mke wangu amekwama."

"Huyo ni mtu. Mimi nasema uthibitisho. Na uchambuzi wa Shirika unasema hayakwami. Mia kwa mia. Ni uchambuzi mzuri sana, umeuona?"

"Nimeufanya mimi."

Afisa akasimama, akampa mkono kwa heshima. "Hongera sana, ndugu. Mwanangu ameukariri wote."

Kesho yake Shaweji aliingia kwenye kikao cha Kamati Kuu ya Shirika. Viti vingi vilikuwa vitupu, kwa sababu wajumbe wenyewe walikuwa majumbani, na kila kiti kitupu kilihesabiwa kura ya ndiyo kwa kuwa hakikupinga. Mkurugenzi Mkuu alikuwa mwisho wa meza. Mbele yake palikuwa na fungu la funguo, nyembamba, zenye kung'aa, za makufuli ya kigeni, aina ile iliyozikwa kwa mizinga. Shaweji aliziona, na Mkurugenzi akaona kwamba ameziona, akazifunika kwa kofia.

"Sikio letu," Mkurugenzi akasema. "Sema."

"Mheshimiwa, mke wangu amefungiwa ndani."

"Na nani?"

"Na kufuli."

"Kufuli halimfungii mtu, kijana. Mtu ndiye hulifunga. Nani alilifunga?"

"Yeye mwenyewe, mheshimiwa. Kama sheria inavyosema."

"Basi ni mtii. Katibu, andika kwamba ni mtii."

Katibu akaandika. Shaweji akashusha pumzi, akaanza tena, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Alisema kosa ni lake. Alisema aliwauliza waliotoka, hakuwauliza walioshindwa kutoka, na kufanya hivyo ni kama kusimama kando ya kisima ukawauliza wapita njia kama kuna aliyezama. Alisema ile mia haikuwa mia ya wateja, ilikuwa mia ya waliobahatika. Alisema anaomba kuifuta.

Katibu akaweka kalamu chini.

"Kuifuta," Mkurugenzi akasema. "Mlezi ameitamka mbele ya mabalozi, wewe unaomba kuifuta. Kwa kutumia nini, raba?"

"Mheshimiwa, watu wako ndani."

"Kijana, nikufundishe jambo ambalo shule hazikukufundisha. Mteja ni yule anayefika kwetu. Asiyefika si mteja. Ni mwananchi tu, na wananchi wana wizara yao."

Mchumi wa Shirika, mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, akainua kidole. "Kwa ruhusa yako, mheshimiwa. Mteja wa kawaida hulishika kufuli letu asubuhi na jioni, kwa dakika moja. Huyu mama amelishika kwa muda gani?"

"Ni siku ya nne leo," Shaweji akasema.

"Kwa kutwa nzima?"

"Kutwa na kucha. Analivuta, anasukuma ufunguo, analia."

Mchumi akageukia wenzake, sauti yake ikitetemeka kwa hisia. "Waheshimiwa, nimesoma bidhaa za dunia nzima. Hakuna bidhaa ambayo mtu haitoi mkononi kutwa na kucha. Hakuna. Na tukisema wako wengi kama huyu, basi tunakalia mapenzi ambayo hatujawahi kuyapima."

Makofi yakapigwa na wachache waliokuwapo kwa niaba ya wengi ambao hawakuwapo. Ikaamuliwa papo hapo kwamba Shaweji afanye uchambuzi mpya, kuhusu upendo wa mteja aliyetulia nyumbani, aukamilishe kabla ya mwisho wa mwaka.

Shaweji hakuwahi kumpigia mtu magoti. Hata marehemu baba yake alipompa kichapo alikipokea amesimama. Sasa akapiga magoti juu ya zulia, mikono kwenye mapaja.

"Mheshimiwa, siombi uchambuzi. Nitaandika chochote mnachotaka, nitaandika hata kwamba kufuli linaimba. Naomba ruhusa ya nyundo. Nyundo moja, mlango mmoja. Mtoto amelala vibaya tumboni. Asipogeuzwa nitawapoteza wote wawili."

Mkurugenzi Mkuu aliguswa. Aliinama, akamshika bega.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Zulia hilo ni mali ya serikali."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Shaweji. Akaipokea akiwa bado chini. Alikuwa Bi Sikudhani.

"Chupa imepasuka," akasema. "Njoo na kibali, na kama huna, njoo na mikono."

*

Alikimbia katikati ya jua la mchana. Barabara zilikuwa safi na tupu, kama redio ilivyokuwa ikizisifu, na kwa mara ya kwanza alitazama pembeni. Kila nyumba ilikuwa na nondo, na kila nondo zilikuwa na nyuso nyuma yake. Watoto wamekaa vizingitini, miguu imetokeza nje hadi magotini. Mwanamume mmoja amevaa suti kamili ya ofisini, amesimama na mkoba wake mkononi, anangoja. Wote walimtazama akikimbia kama watu wanaotazama ndege.

Salha alikuwa sakafuni, amezishika nondo kwa mikono miwili, uso umelowa. Bi Sikudhani alikuwa amelala kifudifudi upande wa nje, mikono yake imepotelea ndani.

"Mkono umetangulia," mkunga akasema bila kugeuka. "Mkono wa mtoto, upo nje. Umeleta nini?"

"Sikuleta kitu."

"Basi tafuta kitu."

Nyundo hakuwa nayo, maana nyundo zilisajiliwa na kuhifadhiwa kituo cha polisi. Uani palikuwa na mafiga matatu, na juu yake maji ya mkunga yalikuwa yanachemka. Shaweji akaipiga teke sufuria, akalinyanyua jiwe moja la figa kwa mikono mitupu. Jiwe lilikuwa la moto. Alisikia ngozi ya viganja ikishikamana nalo, lakini hakuliachia. Bi Sikudhani akauvuta mnyororo, akalitoa kufuli kati ya nondo mbili, akalilaza juu ya saruji ya kizingiti. Mlezi akamtazama Shaweji akitabasamu. Shaweji akaligeuza kwa kidole cha mguu asiuone uso ule, na upande wa pili akaukuta uleule.

Kulikuwa na jirani wa mbele, Mzee Tindwa, aliyefundisha magwaride shuleni maisha yake yote, naye alikuwa ameketi nyuma ya nondo zake tangu kipindi cha mvua. Aliona jiwe linapanda juu. Akasimama kwa ukakamavu.

"Mwizi," akapaza sauti. "Jamani, mwizi. Anavunja kufuli la Mlezi."

Mtaa mzima ukaipokea. Mwizi, mwizi, kutoka kila dirisha na kila mlango, wakipiga nondo kwa vijiko na sufuria hadi paa zikatetemeka. Wanaume waliapa kwamba wangempata wangemla nyama. Vijana walijikunja mashati. Hakuna aliyekuja. Haijawahi kutokea katika mtaa ule mwizi akapigiwa kelele nyingi kiasi kile, akafanya kazi yake kwa utulivu kiasi kile. Simu ya kituo cha polisi ilipokelewa mara moja, na askari wote walikuwa tayari, wamevaa buti, wamejipanga nyuma ya geti lao ambalo lilikuwa limefungwa vizuri.

Shaweji akapiga. Kila pigo alisema neno, na neno lilikuwa moja, nisamehe, nisamehe, wala hakulisema kwa Mlezi. Kufuli lililotiisha nchi nzima likapasuka kama kibuyu. Ndani yake hamkuwa na kitu ila kipande cha bati kilichojikunja.

Bi Sikudhani aliingia ndani kwa magoti. Akamsukuma Shaweji nje, akashusha pazia.

Kelele za mwizi ziliendelea kwa muda, kisha zikapungua, kisha zikakoma, kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa akisikia sauti ya Salha. Halafu sauti ya Salha nayo ikakoma. Shaweji alikaa kizingitini, viganja vyake vimevimba na kutoa maji, akijaribu kuhesabu kitu chochote, kama alivyozoea, na hakupata cha kuhesabu.

Mtoto alilia alasiri. Alikuwa wa kike. Bi Sikudhani akamtoa nje amefungwa kwenye kanga, akamweka mapajani kwa Shaweji kwa kuwa mikono yake haikuweza kushika.

"Mama yu hai, amechoka," akasema. "Mtoto nimempata kwa kuvuta. Mkono ule uliotangulia," akasita, akaufunua, mkono mdogo wa kulia ulioning'inia kama uzi, "huu hautanyanyuka, baba. Ningeingia ile siku ya kwanza, ungenyanyuka."

Shaweji aliutazama mkono ule mpaka giza likaufunika.

*

Asubuhi yake redio zilifunguliwa mtaa mzima, kila nyumba kituo kilekile kwa kuwa hakukuwa na kingine. Taarifa ya kwanza ilisomwa kwa sauti nzito. Baada ya miaka miwili ya usalama kamili, nchi imepatwa na tukio la wizi. Mtu mmoja, aliyekuwa mtumishi wa umma, amevunja nyumba mchana kweupe na kuiba mwanamke mmoja pamoja na kilichokuwamo ndani yake. Uso wa Mlezi umejeruhiwa, lakini hali yake inaendelea vizuri. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Taifa la Makufuli amewatoa wananchi hofu. Amesema tukio hilo limethibitisha kile ambacho Shirika limekuwa likisema siku zote, kwamba kufuli moja halitoshi. Kuanzia kesho kila nyumba itafungiwa kufuli la pili, la kulilinda la kwanza. Mwizi mwenyewe atatafutwa mara tu askari watakapoweza.

Wimbo wa taifa ukafuata. Shaweji alikuwa kizingitini, mlango wazi nyuma yake, viganja vimefungwa vitambaa. Bi Sikudhani alikuwa amempikia uji na kumpa bakuli, naye alilishika kwa vifundo vya mikono. Ndani, Salha alikuwa akimnyonyesha mtoto kwa upande wa kushoto, ili mkono ule usilaliwe.

"Wamesema kesho?" Salha akauliza.

"Kesho."

"Basi twende leo."

"Twende wapi? Kila mahali ni nchi hii."

Shaweji akatazama mtaa. Nyuso zilikuwa palepale nyuma ya nondo, zimemkazia macho, zilezile zilizomwita mwizi jana, na hakujua awachukie au awaombe radhi. Hakuna aliyepiga kelele leo.

Ng'ambo ya barabara Mzee Tindwa alikohoa. Alikuwa amekaribia nondo zake, paji la uso limegusa chuma, mgongo umeinama.

"Wewe mwizi," akaita, kwa sauti ya chini.

Shaweji akainamia uji wake.

"Mwizi. Nakuita wewe, mwanangu."

"Nakusikia, mzee."

"Ukimaliza uji wako," Mzee Tindwa akasema, akatazama kushoto, akatazama kulia, "pita na hapa kwangu. Fanya hima, kabla hawajaleta la pili."